Mwezi Nilioutangaza

Jumamosi, 28 Machi 1964

Mimi Iddi Mangi, mwenye macho makali kuliko kijana yeyote kutoka Gazi mpaka Msambweni, nimeanza kuandika leo. Shule niliiacha darasa la sita. Wako wasemao shule ndiyo iliyoniacha, lakini hao ni wivu unawasumbua. Mwalimu Ngala ndiye aliyenipa daftari, akasema niandike kila nipatapo nafasi, mkono usije ukasahau herufi. Nikamwambia herufi zangu ni nzuri kuliko zake. Akacheka. Mtu huyu unamtukana naye anacheka. Hampi mwenziwe raha ya kutukana.

Mwezi mpevu, bamvua, maji makuu. Maji yamekupwa mpaka mwamba wote umetoa mgongo nje, na kisiwa cha Chale kinaonekana kama utakifikia na viatu. Bibi Mbodze, mama wa marehemu baba yangu, aliyenilea, amerudi na pweza kapu zima. Macho yake yana mtoto wa jicho. Mbuzi akisimama mlangoni humwambia, "Karibu, mwanangu." Lakini pweza humwona kwa nyayo.

Hana saa wala kalenda. Ana ukili, msuko wa ukindu. Mwezi ukiandama huanza kusuka ukili mpya, na kila jioni huongeza pindi moja. Akiupitisha kwenye kidole gumba anajua mwezi una siku ngapi, na akijua siku anajua maji. Kanuni yake huiimba akiosha masufuria: mosi, toka mwambani kabla ya adhana ya adhuhuri, pili, adhana ikukute unafunga kapu, tatu, hata ukitaka kuswali huko huko, swali. Maana nyuma ya mwamba kuna mkondo, nao hujaa mwamba ungali mkavu. Asiyejua hukaa juu akijiona sultani, kumbe njia ya nyumbani imeshakuwa bahari.

Bibi hajawahi kukosea tangu kabla baba hajazaliwa. Hulitaja jambo hilo kila siku. Majivuno yangu nimeyarithi.

Jumanne, 31 Machi

Mwalimu Ngala ametoka pande za Kinango, ambako maji ni kitu kinachopanda juu ya punda. Baharini huingia mpaka magotini, tena akiwa ameshika suruali kwa mikono miwili kama bibi harusi. Na huyo ndiye anayetufundisha bahari!

Alasiri hutukusanya sisi tulioacha shule pamoja na wadogo wapendao. Leo alitusimamisha watatu katika mstari, tumejifunga kamba moja kiunoni: mimi mbele, rafiki yangu Mwero katikati, nyuma mtoto mmoja mwembamba wa darasa la tano. Mwezi, akasema, ni ule mwembe wa mbele. Unavuta kila kitu, lakini kilicho karibu hukivuta zaidi.

"Iddi, kimbia sana. Mwero, kiasi. Wewe wa nyuma, taratibu."

Tukakimbia, mstari ukanyooka.

"Mmeona? Maji ya upande wa mwezi yametangulia, yakafanya kichuguu. Ya upande wa pili yameachwa nyuma, nayo yakafanya kichuguu. Ndiyo maana bahari hujaa mara mbili kutwa. Kinachonyoosha si nguvu ya mwezi peke yake. Ni tofauti. Huyu kavutwa sana, yule kavutwa kidogo."

Nikaona niongeze bidii katika somo. Nikatimka kwa nguvu zangu zote. Yule wa nyuma akaburutwa kifudifudi mpaka kwenye changarawe, magoti yakachubuka yote mawili.

"Hiyo ndiyo tofauti," nikamwambia.

Darasa zima likafa kwa kicheko. Mwalimu, kwa mara ya kwanza, hakucheka. Nalala na furaha.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua tena. Mbata zimeota ukungu, nazi hazikauki. Namkaushia mbata Sheikh Alfani, imamu wetu, mwenye minazi kuliko watu wote hapa na binti mmoja tu, Mishi. Mishi amepita na ndoo. Nikamwambia, "Mishi, mimi nikiwa juu ya mnazi naiona Pemba."

"Basi iangalie vizuri, kaka Iddi. Labda huko utapata mchumba."

Nitamwoa. Yeye bado hajui.

Alhamisi, 23 Aprili

Idd. Mbuzi wa Sheikh alifungwa mnazini tangu jana. Alizunguka, akazunguka, mpaka kamba yote ikamwishia shingoni, akabaki ameuelekezea mnazi uso, hawezi kugeuka. Nilimtazama kitambo. Kisha akachinjwa. Nyama ilikuwa laini.

Jumanne, 5 Mei

Shule imefunguliwa. Mwalimu ameuliza nani amewahi kuona mgongo wa mwezi. Nikainua mkono. "Mimi."

"Ulionaje?"

"Nilizunguka nyuma."

Wakacheka. Mwalimu akasema hakuna mtu aliyeuona; ni chombo kilichorushwa miaka michache iliyopita ndicho kilichoupiga picha. Zamani mwezi ulikuwa ukijizungusha kama pia. Lakini dunia iliuvuta upande wa karibu zaidi ya upande wa mbali, jiwe la mwezi likavutika, likafanya nundu, na dunia ikaishika ile nundu. Kila mwezi ulipotaka kugeuka, nundu ilirudishwa. Ukachoka. Sasa unatuzunguka ukitutazama kwa uso ule ule.

"Kama mbuzi wa Sheikh mnazini," nikasema.

"Vizuri sana, Iddi! Hivyo hasa!"

Nilichukia kusifiwa mbele ya Mwero.

Halafu akachukua kipande cha waya wa ua, akaukunja huku na huku, haraka haraka, akamwambia Mwero aguse pale penye kunjo. Mwero akaruka akinyonya kidole. "Jiwe nalo ndivyo," Mwalimu akasema. "Mwezi ukiizunguka sayari yake mara karibu, mara mbali, hukandwa ukaachiwa, hukandwa ukaachiwa. Ndani unapata moto. Juu unapasuka nyufa. Mshtarii ni sayari kubwa mno, na ina miezi iliyo karibu nayo. Hakuna aliyefika kuitazama, lakini mimi huwaza inavyoteseka."

"Na ukisogea karibu kupita kiasi?"

Waya ukamkatikia mkononi. "Hivyo. Wako wasemao zile pete za sayari ya Zohali ni mwezi uliosogea mno. Wetu umesalimika kwa sababu unajitenga. Unaikawiza dunia katika mzunguko wake, nayo dunia inausukuma mbali, kidogo kidogo kila mwaka."

Somo hili nimelipenda. Kikubwa hukishika kilicho kidogo, hukikanda, hukigeuza uso, na kikikaribia hukivunja. Watu wazima wote huniambia maneno ya huruma na umoja, nami nilikuwa nikishuku. Kumbe juu kule mambo yako wazi.

Jumamosi, 9 Mei

Nimetia kaa ndani ya kiatu cha Mwalimu. Kidole chake kimevimba kama ndizi. Alijua ni mimi. Akanisimamisha njiani akichechemea.

"Husalimii, Iddi?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Akaenda zake. Hata kunipiga hajui.

Jumanne, 12 Mei

Leo ni siku kubwa. Naandika kwa herufi kubwa kuliko za kila siku.

Mwezi ulikuwa na siku ishirini na tisa, na mpya ukiandama ungekuwa Mfunguo nne, mwanzo wa mwaka wa Kiislamu. Wanaume wote tulishuka ufukweni kabla ya magharibi. Mawingu yalikuwa mazito kama matandiko ya ngamia. Sheikh Alfani alisimama mbele na bakora yake, ndevu zimeloa.

"Mwaka jana," akasema, "watu wa Gazi ndio waliouona. Sisi tukaletewa habari kama salamu za jirani. Vijana wetu macho yao ni ya kutazamia sinema."

Nyuma, chini ya minazi, wanawake walikuwa wamesimama na leso zao kichwani. Nikaisikia sauti ya Mishi, haikujificha hata kidogo: "Si yuko hapo anayeiona Pemba?"

Watu wakacheka. Wazee pia. Mimi hucheka watu, mimi sichekwi.

Palikuwa na tundu dogo katika wingu, mahali jua lilipozama. Ndani ya tundu niliona wekundu, kisha kijivu. Basi. Tundu likaanza kuziba. Nikanyoosha kidole.

"Ule pale! Umelala chali, pembe ya kulia imeinuka kidogo! Aa, umefunikwa."

Kisha Sheikh akaja mpaka usoni kwangu. "Umeuona, mwanangu?"

"Nimeuona, Sheikh."

"Wallahi?"

Neno lile ni jepesi sana mdomoni. Halina uzito hata wa kokwa la mkunazi. "Wallahi."

"Nani mwingine? Nataka wawili."

Nikamkanyaga Mwero kwa kisigino. Mwero huyu wiki iliyopita alikiamkia kichuguu akidhani ni mjomba wake.

"Hata mimi," akasema. "Hata mimi nimeuona, pembe hiyo hiyo."

Wakapiga takbiri. Sheikh akanishika kichwa kwa viganja viwili mbele ya watu wote. "Mungu ayahifadhi macho haya." Kijana mmoja alitumwa Gazi mbio mbio kupeleka habari, na hiyo ndiyo iliyowafurahisha wazee kuliko mwezi wenyewe. Mishi alinitazama, hakusema kitu. Mishi asiyesema kitu! Ningeapa mara kumi.

Nyumbani nilimkuta Bibi ameshaufunga ukili wa zamani, ameanza mpya. "Mjukuu wangu ndiye aliyeuona," alikuwa akiwaambia kuku.

Jumatano, 13 Mei

Mosi. Mwalimu Ngala ameniharibia asubuhi. Alikuja dukani tulipokaa na Sheikh, akaamkia kwa adabu zote, kisha akasema mwezi jana usingeweza kuonekana hata mbingu ingefagiliwa.

"Ulizaliwa usiku wa kuamkia jana tu, Sheikh. Magharibi ulikuwa bado umelikalia jua mgongoni. Utaonekana leo jioni, mawingu yakiruhusu."

"Mwalimu," Sheikh akasema taratibu, "wewe jana ulikuwako ufukweni?"

"Sikuwako."

"Iddi alikuwako, na ameapa. Wewe umesoma, yeye ameona. Katika mambo yetu tunamfuata aliyeona."

"Mambo ya ibada siyagusi, Sheikh. Nasema habari za maji. Maji yanaufuata mwezi wa juu, hayaufuati tulioutangaza. Anayehesabu siku kwa ajili ya mwamba ametangulia siku nzima. Bahari itamgeukia kabla hajaitazamia."

Nikaona watu wameanza kumsikiliza. Nikasema, "Mwalimu, wewe maji ya magoti yanakutosha. Ya mwambani tuachie wenyewe."

Duka zima likacheka. Watoto nikawatungia wimbo hapo hapo: Ngala haoni mwezi, na mwezi haumwoni. Walimsindikiza nao mpaka mlango wa shule. Alikwenda mpaka kwa Bibi kumwonya. Bibi akamwambia, "Nenda kahesabu ng'ombe, baba. Mimi nilikuwa nikihesabu maji mama yako hajavunja ungo."

Magharibi mvua ilinyesha kubwa. Hakuna aliyeangalia juu, na angeangalia asingeona kitu.

Alhamisi, 14 Mei

Herufi zangu leo zimepinda. Nimelowa, ni baridi tu.

Asubuhi Mwalimu alinikuta napanda mnazi wa Sheikh.

"Iddi, leo si pili. Leo ni mosi. Bibi yako hatanisikia mimi. Wewe atakusikia, maana hiyo pili ni yako."

"Mwambie mwenyewe."

"Nimeshamwambia. Iddi, si lazima useme ulidanganya. Mwambie tu arudi mapema."

"Nani amedanganya?"

Akanitazama, akaenda darasani.

Bibi akapita chini ya mnazi na kapu na fimbo yake ya chuma ya kuchokolea pweza, ile aliyoachiwa na mama yake. Alisimama akainua uso, macho meupe yakatafuta sauti yangu mahali nisipokuwapo.

"Iddi! Leo pili, sivyo?"

Palikuwa na upepo. Ningeweza kujifanya sikusikia.

"Pili, Bibi."

"Basi adhana ikinikuta nafunga kapu." Akaenda akiimba. Wanawake wengine hawakuteremka. Mvua ya usiku iliwatisha. Bibi hatishwi na mvua.

Juu ya mnazi naona kila kitu, hilo nililojisifia si uongo. Nilimwona akivuka mkondo, maji chini ya goti. Nilimwona akiinama, akiinuka, akiinama. Nikaangua nazi. Nilipotazama tena, maji yalikuwa yamekwisha kugeuka. Mkondo uliokuwa mweupe umekuwa kijani. Bibi yuko juu pakavu, mgongo ameugeuzia nyumbani, anachokoa. Adhana bado.

Nilipaswa kupiga kelele. Mimi nina sauti. Nikiita juu ya mnazi, Msambweni huitika. Lakini chini yangu alikuwapo Sheikh Alfani na watu wake wanafua nazi, na nikipiga kelele "Bibi, rudi, maji!" wataniuliza, maji gani, leo si pili? Nikasema atahisi mwenyewe. Huyu ndiye Mbodze asiyekosea. Nikaangua nazi nyingine. Mkondo ukawa samawati.

Kisha Sheikh akajifuta mikono, akaenda msikitini, na adhana ikalia. Nilimwona Bibi akinyoosha mgongo, akasikiliza, akaanza kufunga kapu. Alilifunga vizuri, bila haraka. Akageuka, akaja mpaka ukingo wa mkondo, akatia mguu. Akautoa. Akatia fimbo. Fimbo ikazama yote, na mkono, na yeye.

Hapo ndipo nilipomwona Mwalimu Ngala. Alikuwa ametoka shuleni mbio, suruali na viatu, na kichwani amebeba ubao. Ubao wa darasa! Ule mweusi, bado una duara alilolichora la dunia na duara dogo la mwezi. Mtu asiyejua kuogelea anaingia baharini na ubao. Nilicheka. Naandika kweli: nilicheka peke yangu juu ya mnazi, na kicheko hakikutoa sauti.

Aliingia magotini, kiunoni, kifuani. Akausukuma ubao mbele yake, yeye ameng'ang'ania nyuma, anameza maji, anaita "Mama! Mama Mbodze! Shika!" Bibi alizama, akaibuka upande mwingine. Leso ikaondoka na maji. Sijawahi kuona kichwa cha Bibi bila leso; ni kidogo kama cha mtoto. Ubao ukamgonga, akaushika kwa kucha. Wakabaki hivyo wawili, hawaendi mbele wala nyuma, mpaka mvuvi mmoja, Tembo, aliyekuwa akiziba mtumbwi wake, akawafikia.

Niliteremka. Nilipofika ufukweni nilijitumbukiza mpaka shingoni, ili niwe nimelowa.

Ijumaa, 15 Mei

Mvua. Bibi hajainuka kitandani. Miguu imechanika yote kwa mwamba. Fimbo imekwenda.

Jumanne, 19 Mei

Msikitini watu wameulizana jambo moja tu: alijuaje? Mimi sikulianzisha. Mtu mmoja alisema, "Mwalimu alitoka darasani kabla mtu yeyote hajapiga kelele. Alijuaje?" Mwingine akasema, "Alikwenda mpaka kwa Mbodze siku moja kabla, akamtajia maji." Wa tatu akasema aliwafundisha watoto kwamba mwezi unaweza kuvunjwa kama waya.

Ajuaye saa ambayo bahari itamchukua mtu, huyo amepatana nayo. Ndivyo walivyomaliza.

Sheikh Alfani aliwanyamazisha, kwa sababu si mtu mbaya. Kisha akaniuliza, "Iddi, wewe uliyeuona mwezi, unasemaje?"

"Mimi nasema niliyoyaona, Sheikh."

Watoto wa kwanza kuondolewa shuleni walikuwa wa yule aliyeuliza alijuaje. Jioni paa la Mwalimu lilipigwa mawe. Mimi nilirusha moja tu, dogo.

Jumapili, 24 Mei

Bibi amekaa kitako leo, ameomba ukili. Nikampa. Akaupitisha kwenye kidole gumba, pindi baada ya pindi, akarudi mwanzo, akaupitisha tena. Kisha akaufumua wote. Kisha akausuka upya, akinong'ona: jioni ile ilikuwa mvua, jioni ile alikuja jirani Mwanapili kuomba chumvi. Ukatoka sawasawa na ule wa kwanza. Akaufumua.

"Bibi, unatafuta nini?"

"Kosa."

"Kosa gani?"

"Langu. Liko humu mahali fulani." Akaunyoosha ukindu mapajani. "Unajua, Iddi, siku ile nilipovuka niliona maji yamenitangulia. Yalikuwa chini mno kwa saa ile. Nikasema, aa, Mbodze, miguu yako imezeeka, imechelewa njiani. Ningemwamini nani, maji au mjukuu wangu? Lakini wewe hukukosea, uliuona kwa macho yako. Basi ni mimi niliyeruka siku."

Wanawake wamekuja kumtazama. Walipotoka niliwasikia nyuma ya ukuta. "Masikini, akili zimeanza kumtoka." "Si kuanza. Zimekwisha." Mmoja akaiga anavyofumua ukili, wenzake wakaziba midomo kwa leso. Aliiga vizuri sana. Wakati mwingine ningemsifu.

Ijumaa, 29 Mei

Mwalimu Ngala ameondoka. Darasani walibaki watoto wachache, na mmoja wao ni yule mwembamba niliyemburuta. Mwalimu alikuwa amefunga sanduku kwenye baiskeli, kidole bado kina jeraha la kaa. Nilimkuta njiani, au yeye alinikuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Iddi. Bibi hajambo?"

"Hajambo. Anasuka."

"Nilikwenda kumwambia hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilimwambia mara tatu. Alinishukuru kwa kumwonea huruma."

Nikachora chini kwa kidole cha mguu.

"Wewe atakuamini," akasema. "Neno moja. Kwangu halitasaidia tena, mimi nimeshafunga mizigo. Kwake."

"Na Sheikh Alfani? Na Mishi?"

Sikukusudia kulitaja jina hilo. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kama nilipokuwa nikijibu sawa darasani.

"Naona," akasema. "Upande mmoja unavutwa zaidi."

Akapanda baiskeli, akaanza kuupandia mlima wa Kwale, matope yakimrukia mgongoni. Nilikuwa na utani wa kumtupia kuhusu ubao. Nilikuwa nao tayari mdomoni. Sikuutupa, na sasa nimeusahau.

Jumamosi, 6 Juni

Posa imekubaliwa. Sheikh amesema kijana mwenye macho kama yangu hakosi kuwa na moyo safi. Mwero amekula pilau kuliko watu wote.

Nilimpata Mishi nyuma ya jiko, mama yake akiwa karibu.

"Haya, mwenye macho," akasema. "Niambie. Pembe gani ilikuwa imeinuka?"

"Ya kulia."

"Mwero amemwambia kaka yangu ya kushoto."

"Mwero hajui kulia kwake."

Akacheka, lakini alikuwa akinitazama usoni, na nikagundua kwamba sijui kugeuka. Kila ninaposimama nasimama nikimwonyesha upande huo huo. Itakuwa hivyo siku zote, nyumbani mwangu, kitandani mwangu.

Jumatano, 10 Juni

Ishirini na tisa tena. Ufukweni mbingu ilikuwa safi. Watu hawakuangalia juu. Waliniangalia mimi.

"Iddi, tuambie," akasema Sheikh.

"Sijauona."

"Basi haupo." Wakageuka wote, wakaenda nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyejaribu macho yake.

Alhamisi, 11 Juni

Leo umeandama, kila mtu ameuona, hata Mwero. Mwembamba, umelala chali. Pembe iliyoinuka ni ya kushoto.

Nilimkuta Bibi kizingitini, ameelekeza uso magharibi kama anaona.

"Umeandama?"

"Umeandama, Bibi."

"Umeuona mwenyewe?"

"Nimeuona."

"Basi ni mosi." Ukindu mpya ulikuwa mapajani mwake, umeloweshwa tayari. Hakuanza. Aliushika ule ukili wa mwezi uliokwisha, ule aliousuka na kuufumua mpaka ukalainika kama kitambaa, akanipa.

"Chukua wewe. Mimi sihesabu tena. Nitakuuliza leo mwezi ngapi, nawe utaniambia, hata nikiuliza mara mbili. Usinichoke."

"Sitakuchoka, Bibi."

"Na siku nikisema nataka kwenda mwambani, nikatalie. Hata nikilia."

Neno moja. Lilikuwa hapo hapo, ningelitoa kama mtu anavyotema kokwa. Sheikh alikuwa uani kwake, namsikia akikohoa. Nikasema, "Nitakukatalia."

Akanishika kichwa kwa viganja viwili, vile vile kama Sheikh. Akaingia ndani akipapasa ukuta.

Nilikaa nikaupitisha ule ukili kwenye kidole gumba, pindi baada ya pindi, mwanzo mpaka mwisho. Hauna kosa hata mahali pamoja. Kesho kuna gunia la mbata la kufunga kwa Sheikh, na kamba zimeoza kwa mvua. Nitalifungia huu. Ni imara.